Nguo Kuukuu za Wifi

Chiriku hakupewa jina hilo bure. Jambo la mtaani likimpita bila kulijua, hata usingizi hauji. Ndiyo maana hili la wifi yake, dada wa mumewe, lilimkaa kooni kama mwiba.

Wifi alikuwa fundi cherehani. Mafundi walijaa mtaani, Chiriku mwenyewe akiwemo, lakini wateja walipita milango yote wakaishia kwake. Tena alikuwa na kituko chake: mteja akimrudishia suruali iliyochakaa, aliipokea kwa furaha kuliko kitambaa kipya, akaipeleka chumba cha nyuma. Haikuonekana tena.

"Anazifukiza hizo, azifanye hirizi ya kuvuta wateja," muuza mkaa alinong'ona. "Lisemwalo lipo."

Chiriku hakuamini, ila hakukosa kuamini kidogo. Asubuhi moja akabeba chupa ya chai iwe kisingizio, akapitiliza hadi nyuma.

Alimkuta wifi kakaa sakafuni karibu na dirisha, miwani puani, wembe mkononi, anafumua suruali mshono mmoja mmoja. Pembeni yake vipande vimetandazwa: mifuko, magoti, viuno.

"Karibu, wifi. Nilijua miguu itakuleta tu."

"Nimeleta chai."

"Na macho umeyaacha nyumbani?"

Wakacheka. Chiriku akachutama. "Haya matambara ya nini, lakini?"

Wifi akamwonyesha mfuko uliochanika kona. "Huu niliushona mwenyewe. Mwenye suruali ni dereva, kutwa anatumbukiza funguo humu. Nguo ikiwa mpya hunisifu tu. Ikirudi hivi ndiyo inanisema nilipolegea."

"Ukishajua?"

"Nashona upya, navuta kwa nguvu zangu zote. Ukiachia, nafumua, naanza tena. Huu umenitoa jasho wiki nzima."

Chiriku akavitazama vidole vya wifi yake, ncha zimeota sugu. Tuseme ukweli, alivunjika moyo kidogo. Hirizi angeweza kuiazima. Hivyo vidole angevipata wapi?

Hata hivyo udadisi haukumwacha. Akamwomba nesi wa jirani sketi aliyomshonea zamani, akaifumua. Zipu ilikuwa imeng'oka, na pale ilipong'oka akaiona haraka yake mwenyewe: uzi mmoja, mahali palipotaka miwili. Uso ukamwiva akiwa peke yake chumbani.

Akashona zipu, akang'oa, akashona. Mumewe akauliza kama cherehani imepagawa. Nesi akashonewa sketi mpya, na mwezi uliofuata akaja na wenzake wa wodini, kila mmoja na kitambaa chake kwapani. Baada yao wakaja wengine, hata Chiriku akalazimika kununua meza kubwa ya kukatia.

Siku moja wifi akaingia bila hodi. Akaokota sketi mezani, akapandisha zipu, akaishusha, akaigeuza ndani nje.

"Hii umeishikizaje hapa chini?"

"Kwani kwako inaachia?"

"Kila mara. Nionyeshe."

Chiriku akamsogezea kigoda. "Kaa kabisa, wifi. Si ya kuonyeshwa umesimama."