Watano Waliolala Kifudifudi

...vua tu, binti yangu, kwani kuna nini, ni nguo hiyo, anasema Mwenyekiti, na mfuko wa plastiki ameushika kwa mikono miwili, mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kumiminiwa viazi, na Antena anautazama mfuko, hamtazami yeye, maana humo ndani tayari kimelala kizibao kimoja cha jinzi, cha Fundi Bomba, kimekunjwa kwa adabu kama shuka ya hospitali, na Fundi Bomba mwenyewe kasimama nyuma yake na shati jeupe la kuazima linalombana kwapani, anamnong'oneza, dada, vua yaishe, tumbebe mwenzetu tumzike, tutagombana kesho... kesho ipi, Fundi, tulikuwa watano na tumebaki wawili, wewe na mimi, hiyo kesho unayoipangia ugomvi umeahidiwa na nani, lakini hayo anayasema moyoni, kwa sababu korido ya chumba cha maiti ni nyembamba na kila neno linagonga vigae na kurudi, na kule mwisho uko mlango wa bati ambao ukifunguliwa atatoka Nyundo ndani ya sanduku lake, na wabebaji sita wameshapangwa kwa urefu, wawili wawili, na wa mbele ni yeye, kwa sababu ni mrefu kuliko wanaume wote waliopo na kwa sababu jana mama yake Nyundo alisema, huyu abebe mbele, basi, na Mwenyekiti akatikisa kichwa, ndiyo mama, bila shaka mama, halafu leo asubuhi kaja na mfuko. Kifungo cha juu kimeshafunguka. Hajui kimefunguka saa ngapi, mkono una utii wake wa zamani, umefundishwa miaka kumi na mmoja kwamba mwenye nishani akisema vua unavua, akisema lala unalala, akisema subiri unasubiri mpaka mbu wakuzoee, na nishani Mwenyekiti anazo tatu, amezisugua mpaka zinaumiza macho, yeye aliyekaa vita vizima boharini akihesabu mablanketi, mlio wa risasi kausikia kwenye redio, tena redio yenyewe niliibeba mimi mgongoni, kilo kumi na nne, ndiyo maana wakaniita Antena... heshima, anasema, leo ni siku ya heshima, watu watasemaje wakiona mafuvu na radi na maandishi yasiyosomeka mgongoni mwako, watasema chama cha wapiganaji wa zamani kimevamiwa na waabudu shetani, haya, tuichambue hoja, vipande vya chuma vinavyoning'inia kwenye suti ni heshima, vipande vya kitambaa vilivyoshonwa kwenye jinzi ni uhuni, akinya kuku sawa, akinya bata kaharisha, na ule wimbo wa gwaride wa kuwaponda adui vichwa, tuliouimba tukiwa na miaka kumi na tisa huku tumbo tupu, huo ulikuwa wimbo wa malaika, ila magitaa yanayokoroma na mtu anayepiga kelele kwamba ameumia, hilo ndilo linalomkera Mungu... Dada, Fundi anamgusa kiwiko, mlango unataka kufunguliwa. Haujafunguliwa. Ni mhudumu tu amechungulia, ana glavu mkono mmoja, anasema bado, wanasaini, na amerudi ndani, na Mwenyekiti anabadilisha mguu wa kusimamia, mfuko unalia chakacha, na Antena yuko mbali, yuko kwenye lile ghala la zamani siku ile, tamasha la kwanza la muziki huo wa magitaa maishani mwake, kaenda kwa sababu mpangaji mwenzake alikuwa na tiketi ya ziada na yeye hakuwa amelala siku tatu, saa tisa mchana, jua linaingia kwenye matundu ya paa, vijana mia nne wamevaa nyeusi tupu, na mpiga ngoma akaanza zile ngoma mbili za miguu, tatatatatata, na fataki zikalipuka pembeni ya jukwaa, na mwili wa Antena haukumuuliza, ulishalala, kifudifudi, mikono juu ya kisogo, mdomo ndani ya vumbi, na alipofumbua macho akaona msitu wa buti, na katikati ya buti, hatua sita mbele, mtu mwingine kalala vilevile, shavu sakafuni, anamtazama, jitu la kifua kipana, na kulia mwingine, na kule karibu na spika wawili tena, watu mia nne wamesimama na watano wamelala, wanatazamana chini ya miguu ya watu kama panya wa nyumba moja, na lile jitu likaanza kucheka, likicheka huku linatetemeka, likapaza sauti, kikosi gani wewe? na kabla hajajibu mikono ikashuka, mikono yenye kucha zilizopakwa rangi nyeusi, yenye pete za mafuvu, minane, kumi, ikamshika kwapa na mkanda ikamsimamisha, kijana mmoja akampangusa vumbi usoni kwa shati lake mwenyewe, akasema, dada, hapa kwetu mtu akianguka anainuliwa kwanza, muziki baadaye, wakadhani amejikwaa, hawakuuliza, na kwa kweli tangu arudi vitani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumshika bila kumjazisha fomu. Ndivyo walivyopatana, yeye na Nyundo na Fundi Bomba na Mpishi na Kicheko, kwa kosa lile la kulala mahali ambapo wote wanaruka, wakawa wanaenda kila tamasha, mwanzo wakilala, baadaye wakipiga goti tu, baadaye wakisimama wameshikana mabega ngoma zikiwapita kifuani bila kuwaua, na Nyundo akanunua ngoma za mitumba akazifunga nyuma ya nyumba ya mama yake, na mama akawa anasema, heri kelele hizi kuliko ule ukimya wake. Mpishi alipokufa kwa pombe walikata kipande cha sare yake, upana wa vidole vitatu, wakakishonea mgongoni mwa kila kizibao, chini ya jina la bendi, bila maandishi. Kicheko alipojilaza relini, kipande cha pili. Na cha tatu, cha Nyundo, kiko mfukoni mwa Antena sasa hivi, kina joto la paja lake, ameshindwa kukishona usiku kucha, uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano... basi labda Fundi ana haki, ni nguo, moyo uko ndani, Nyundo mwenyewe angesema wee Antena, acha ubishi, nibebe mgongo unaniuma, avue, abebe, avae tena getini, dakika ishirini, nani amekufa kwa dakika ishirini, na kidole kiko kwenye kifungo cha pili. Mama, samahani, anasema Mwenyekiti, sauti imelainika, ameligeukia benchi la ukutani ambako mama yake Nyundo ameketi na mkoba mapajani, mfuko kaubana kwapani, karatasi imetoka mfuko wa koti, mama nikusomee tu ile risala, kama kuna pa kurekebisha. Soma, baba. Shujaa wetu, anasoma, mpiganaji hodari, mtiifu, aliyelitumikia taifa kwa uaminifu, ametutoka ghafla kufuatia maradhi mafupi... Rudia hapo, anasema mama. Ametutoka ghafla kufuatia maradhi mafupi. Maradhi gani, baba? Mwenyekiti anakohoa. Ni lugha tu ya shughuli, mama, ndivyo inavyoandikwa. Nauliza maradhi gani, kwa sababu mimi ndiye niliyeikata ile kamba shingoni mwake. Fundi Bomba anatazama viatu vyake, na mama anafungua mkoba, anaufunga, na Antena anasikia kitu kinageuka ndani ya kichwa chake kama swichi ya mawimbi, krr, na sauti inaingia safi, kumbe, kumbe si mafuvu, si radi, kizibao kingejaa maua na vifaranga vya kuku Mwenyekiti angeleta mfuko uleule, yeye anaogopa vile vipande viwili visivyoandikwa kitu, na anaogopa cha tatu, kwa sababu ukumbini kwao kuna ubao wa marumaru wenye majina ya waliokufa vitani, na chini yake tarehe ya vita kwisha, na aliyekufa baada ya tarehe hiyo amekufa kwa ujinga wake, ana maradhi mafupi, funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu wa leo ni nani, Nyundo? Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, hawa wameigeuza methali, wanaficha kifo kwa maradhi, na wanataka yeye aende mbele ya jeneza na mgongo mtupu, msafi, mgongo unaosema ndiyo, yalikuwa mafupi, wakati yalikuwa marefu, Mwenyekiti, miaka tisa, nina barua zake zote mlizojibu faili lako linashughulikiwa, na mgongo huu ndio ubao pekee alionao Mpishi, ndio pekee alionao Kicheko, sasa nikiuweka kwenye mfuko wa viazi wao wanabebwa na nani... kwa hiyo si dakika ishirini, wala si nguo, na wala, Nyundo nisamehe, si suala la kuchagua kati ya kukubeba na kukivaa, ni kazi moja hiyohiyo, akianguka mtu anainuliwa kwanza. Tuendelee basi, anasema Mwenyekiti, kijasho kwenye mdomo wa juu, karatasi karudisha, mfuko kaufungua tena, vua tu, binti yangu, mlango huo. Na Antena anaona vidole vyake vinarudi juu, kifungo cha juu kinapita kwenye tundu lake, taratibu, kinakaa, na nyuma yake anasikia Fundi Bomba akivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini, hamgeukii, magurudumu yanakwaruza sakafu nyuma ya bati, na yeye anawaza kitu kimoja tu, Nyundo alikuwa na kilo ngapi, tisini, tisini na tano, mla mikate yule, na mbao juu yake, haya, anatanua miguu kidogo.