Kibao cha Mkunga Faraja

Nchi ya Mkanganyo imepakana na Ujuvi kwa upande wa kaskazini na Utulivu kwa upande wa kusini, lakini wenyeji wake hawajapata kuafikiana kaskazini ni wapi, na kwa hiyo hawajafika katika nchi yoyote kati ya hizo mbili. Ni nchi yenye rutuba, mvua za kutosha na watu wakarimu mno. Fahari yao kubwa ni Bustani ya Ibra, uwanja mpana usio na paa wala ukuta, ambamo waliotenda mema makubwa husimamishiwa sanamu za mawe ili waheshimiwe, na waliotenda uovu mkubwa husimamishiwa sanamu vilevile ili walaaniwe.

Sanamu hizo zote zina uso mmoja. Sultani wa zamani aitwaye Husuda aliona sanamu ya mhunzi ina pua nzuri kuliko yake, akaamuru kwamba tangu siku hiyo kila sanamu, ya mwanamume au ya mwanamke, ya mwema au ya mwovu, ichongwe kwa kipimo kimoja na kuvikwa joho moja refu. Hivyo jambo pekee lililomtenga shujaa na mhalifu lilikuwa kibao cha jina kilichosimikwa mbele ya miguu yake. Mtu angedhani kwamba watu wanaotegemea vibao namna hiyo wangevichagua kwa uangalifu. Walivichagua kwa uangalifu kweli, na hapo ndipo masikitiko yangu yanapoanza.

Baraza la Vibao lilikutana kila mwaka katika ukumbi wenye mazulia, mapazia yakiwa yameshushwa ili jua lisiwaudhi wajumbe. Kila kibao kililetwa juu ya mto wa hariri, kikanuswa, kikapapaswa, kikasifiwa. Na kile kilichong'ara zaidi mbele ya mishumaa kilitangazwa kuwa imara. Mwenye kauli ya mwisho alikuwa Waziri Mapambo, mtu mpole wa sura na mkaidi wa tabia, aliyependa karatasi ya dhahabu iliyogandishwa juu ya mbao laini na kuandikwa kwa wino wa maua. Vibao vyake vilipendeza kwa siku tisa. Kisha jua liliibandua dhahabu, mvua ikaosha wino, mchwa wakamaliza mbao, na mwaka uliofuata mafundi walitumwa kusimika vibao vipya mbele ya sanamu zisizotambulika. Walivisimika kwa kukisia, wakarudi majumbani mwao na dhamiri safi.

Karibu na lango la bustani zilisimama sanamu mbili bega kwa bega. Moja ilikuwa ya Faraja, mkunga aliyebaki mjini wakati wa ndui akawauguza watu waliokimbiwa na jamaa zao, mpaka naye akafa. Nyingine ilikuwa ya Haini, bawabu aliyewafungulia maadui lango la mji kwa tamaa ya cheo. Faraja alimwacha binti mchanga aitwaye Thabiti, ambaye hakupata kumjua mama yake ila kwa jina lililoandikwa juu ya kibao, na kila alipopita langoni alisimama akalisalimu. Mwaka wa habari hii Thabiti alikuwa mwanamke mzima, mwashi kwa kazi yake, na Sultani Madaha alikuwa ameamuru sanamu ya Haini ivunjwe kabla ya masika kwisha. Vibao vya sanamu zote mbili vilikuwa vimefutika. Nyundo zilikuwa zimekwisha kutiwa mipini.

Thabiti alikuwa amejiandaa kwa namna ambayo nchi ile haikuwa na jina lake. Kwa miaka mitatu aliweka vibao vya majaribio juu ya paa la jiko lake, akaviacha vipigwe na kila kilichotoka mbinguni. Mbao ya mvule ilipasuka. Bati lililopakwa rangi lilishika kutu kwenye matundu ya misumari. Shaba ilidumu, lakini rangi iliyojazwa ndani ya herufi zake ilidondoka. Jiwe jeusi, lililochongwa herufi za kina kirefu na kulazwa mshazari ili maji yasituame, lilibaki kama alivyoliweka, na juu yake alikuwa amechonga: FARAJA, MKUNGA, HAKUKIMBIA. Jirani mmoja alimshitaki, naye akaitwa katika ukumbi wa Baraza mbele ya Hakimu Tashwishi kujibu kosa la kukianika kibao juani kabla Baraza halijakiona kivulini.

"Binti," alianza Waziri Mapambo, "jiwe lako ni jeusi, ni zito, na halina harufu. Kwa sababu gani Baraza likubali jiwe hilo?"

"Kwa sababu, Mheshimiwa Waziri, limenyeshewa miaka mitatu na bado lasomeka."

"Hapa ukumbini hakunyeshi."

"Lakini sanamu haziko ukumbini."

"Sisi tuko ukumbini," Waziri alijibu kwa upole, "na sisi ndio wachaguzi."

Hakimu Tashwishi aliona kuwa Waziri amesema kweli. Akaona kuwa Thabiti naye amesema kweli, na kichwa kikaanza kumwanga. Aliagiza maji, akayanywa, akasahau zamu ya kusema ilikuwa ya nani.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema Thabiti, "sina ubavu wa kushindana na Waziri. Nahofia jambo moja tu, kwamba mama yangu atavunjwa kwa jina la mtu mwingine. Naomba tutoke nje, kibao cha Waziri na changu viwekwe pamoja, na shauri liamuliwe pale vitakapoishi."

Ombi hilo halikuwa na mfano katika vitabu vya sheria, na Hakimu, kwa kukosa pa kulikatalia, alilikubali. Wakatoka wote, wajumbe wakikunja majoho yao, mpaka langoni palipokuwa na sanamu mbili, mafundi wa vibao na wavunjaji sita wenye nyundo. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Kibao kipya cha Waziri kiliwekwa chini kando ya jiwe la Thabiti, na kabla Waziri hajamaliza kukisifu, wino ulikuwa umeteremka kwenye nyasi na dhahabu imejikunja pembeni. Hakimu alifungua hati ya mashtaka ili aendeleze kesi, lakini hati nayo ilikuwa ya wino wa maua. Aliisogeza karibu na macho, akaiinamisha, akamtazama Waziri, akamtazama Thabiti.

"Mshitakiwa ni nani kati yenu?" aliuliza, akiona aibu.

Jiwe jeusi lilikuwa likitiririsha maji, na kila herufi ilisomeka.

"Basi nimeona," alisema Hakimu Tashwishi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alielekea kuwa na hakika. "Jiwe la binti lisimikwe sasa hivi chini ya sanamu ya mama yake. Ile itakayobaki bila jina ni Haini, na ivunjwe papo hapo. Binti, tuonyeshe mama yako."

Thabiti aliinua mkono, kisha mkono ukabaki hewani. Mwaka uliopita alikuwa amemsalimu mama yake upande wa kulia. Mwaka wa kabla yake, kibao kilikuwa kushoto. Alitazama nyuso mbili zilizokuwa uso mmoja, na baridi ilimwingia moyoni, kwa maana miaka mitatu alikuwa amelihangaikia jiwe litakalodumu, na hakuna siku hata moja aliyoulizia litadumu chini ya nani. Yeye pia alikuwa mzaliwa wa Mkanganyo. Aliwageukia wajumbe, wakatazama chini. Alimgeukia Waziri, na Waziri, namshukuru kwa hilo, alilia.

"Litieni katikati," Thabiti aliwaambia mafundi. "Liguse miguu ya huyu na miguu ya huyu."

"Lakini Haini atatukuzwa pamoja naye!" Hakimu alishangaa. "Na jiwe hili, kwa ushahidi wako mwenyewe, halifutiki!"

"Atatukuzwa, Mheshimiwa, na uchungu wake nitakufa nao. Lakini sitaruhusu mama yangu apigwe nyundo kwa kubahatisha."

Wavunjaji walishusha nyundo zao, na jiwe likasimikwa. Tangu hapo Thabiti hufika langoni kila mwanzo wa masika, akaiambia sanamu moja, "Shikamoo mama," na nyingine akaipita bila neno. Na mwaka unaofuata hubadilisha, akianza kwa kuomba radhi.