Mswada wa Viti

Siku Marguerite alipokwenda kuiomba serikali ruhusa ya kuketi, alisimama saa nane mfululizo. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani huko mbele natia chumvi. Mambo haya hayakuhitaji chumvi ya mtu, yalikolea yenyewe.

Marguerite alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alizaliwa Uvira, vita vikampeleka kambi ya Nyarugusu, kambi ikamkalisha miaka kumi na minne, na sasa alikuwa mkazi wa Arlington, Texas. Alifanya kazi katika ghala linalopakia viti vya ofisini: viti vya magurudumu, vyenye mto wa mgongo na mahali pa kupumzisha viwiko. Kwa siku alitia kwenye maboksi viti mia tatu na kumi, na alifanya hivyo akiwa amesimama, saa tisa, maana kanuni za ghala zilisema viti ni mali ya wateja. Mfanyakazi aliruhusiwa kuketi kwenye chumba cha chakula tu, dakika thelathini.

Miguu yake ilikuwa imevimba hata soksi zikawa zinaacha alama mpaka asubuhi. Daktari aliandika barua, ghala likaipokea vizuri likaitia kwenye faili. Mara mbili Marguerite alizidiwa akaketi juu ya boksi, na mara mbili msimamizi wake, Mkenya wa Nakuru aliyeitwa Lenny, akamwita ofisini kutia sahihi karatasi ya onyo. Mle ofisini mlikuwa na kiti kimoja tu, cha Lenny mwenyewe. Lenny, ambaye mama yake alimlea vizuri, alikuwa akiinuka na kumsogezea. Marguerite, ambaye naye alilelewa vizuri, alikuwa akikataa. Mkubwa wa kazi ni mkubwa hata kama ana umri wa kifungua mimba wako. Basi alitia sahihi akiwa amesimama, kwa kosa la kuketi.

Onyo la tatu lilikuwa kufukuzwa. Marguerite alihitaji kiti, au sheria ya kiti, kabla miguu haijamsaliti tena.

Ndipo zikaja habari kwamba mbunge mmoja wa jimbo ameandika mswada wa ukurasa mmoja na nusu: pale ambapo kazi inaweza kufanywa mtu akiwa ameketi, mfanyakazi apewe kiti na mwajiri. Kamati ya bunge inayoshughulikia biashara na kazi ilikuwa ikizunguka kusikiliza wananchi, na mswada huo ungesikilizwa Houston, kwenye ukumbi wa chuo. Kila mwenye la kusema angepewa dakika tatu. Binti yake, Zoé, akamwandikisha kupitia simu, wote wawili wakaomba ruhusa kazini, wakaingia barabarani alfajiri.

Marguerite alibeba kigoda chake. Kilikuwa cha miguu mitatu, kimechongwa kambini, na juu yake alikuwa amechambua maharage ya miaka yote ile. Alitaka waheshimiwa wajionee kwamba haombi makuu. Kiti cha kimo hicho kingemtosha, wala kisingeziba njia ya mtu.

Mlangoni karani mwenye kitambulisho shingoni aliuliza kile ni kitu gani.

"It's to show the committee," Zoé akajibu.

Lo, kosa hilo. Kitu cha kuonyeshwa kamati kinaitwa kielelezo, na kielelezo kina utaratibu wake. Karani akakibandika karatasi, Kielelezo Namba 4, akakiweka juu ya meza ndogo mbele ya ukumbi, akaeleza kwa upole kwamba kuanzia dakika ile hakuna anayeruhusiwa kukigusa, sembuse kukikalia.

Ndani, viti vyote mia na ishirini vilikuwa na watu. Walikuwepo wenye saluni, wauza magodoro, na mawakili wa makampuni ambao walionekana wazoefu, maana wengine walikuja na mito yao. Mlinzi akawaonyesha Marguerite na binti yake ukuta wa nyuma. Kuketi sakafuni ni marufuku, alisema, kwa sababu ya hatari ya moto. Na ukitoka nje jina lako likaitwa, nafasi imepotea. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Pale ukutani wakamkuta Gelasius, Mtanzania aliyeishi Stafford, jirani na Houston, na aliyefanya kazi kwenye ofisi ya bima. Alikuwa amejitolea kutafsiri.

"Shikamoo, mama. Safari ilikuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Tulifika muzuri. Tutaitwa saa ngapi?"

Gelasius akatazama karatasi ya ratiba. "Wewe ni mswada wa kumi, mama. Sasa hivi wako kwenye magodoro."

Na kweli walikuwa kwenye magodoro. Swali lilikuwa hili: godoro ambalo mteja amelilalia dukani dakika tano kulijaribu, je, bado ni jipya? Wakili mmoja alisema ni jipya. Mwingine akauliza, na akisinzia je? Mjumbe mmoja, mzee mwenye kofia pana, akasema hawezi kupiga kura gizani, akaagiza godoro liletwe, akapanda juu yake na viatu vyake. Dakika tano zikahesabiwa ukumbi mzima ukiwa kimya. Alisinzia, na mwenzake akataka hilo lisiandikwe. Yakachukua saa mbili na nusu. Marguerite alihamisha uzito kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia, na baadaye akaurudisha, akikitazama kigoda chake kilivyokaa mbele kwa raha.

Saa kumi na moja jioni jina lake likaitwa, kwa matamshi ambayo Zoé peke yake aliyatambua.

Mbele palikuwa na meza ya mashahidi yenye viti viwili na kipaza sauti kilichofungwa chini, usawa wa kidevu cha mtu aliyeketi. Wajumbe tisa walikuwa wameketi juu ya jukwaa lao. Mwenyekiti wa kamati, mwanamke mwenye sauti laini, akasema, "Karibu. Tafadhali keti." Saa nyekundu ikaanza kuhesabu dakika tatu.

Na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Yaliharibiwa na malezi mema.

Kwao Marguerite hakuna anayezungumza na wakubwa huku ameketi. Ukiitwa mbele ya chifu, mbele ya askofu, hata mbele ya ndugu za mume siku ya kesi, unasimama, unakunja mikono, ndipo unafungua mdomo. Anayeketi amekwenda kugombana. Na yeye hakuja kugombana, alikuja kuomba. Akainamisha kichwa, akabaki wima.

"Keti tu, mama," Gelasius akamnong'oneza.

"Kwetu mutu hawezi kuikala mbele ya bakubwa. Bambie asante."

Gelasius akatafsiri. Mwenyekiti akasema hapana haja, ajisikie yuko nyumbani. Nyumbani ndiko hasa alikojisikia, kwa hiyo akakataa mara ya pili. Mjumbe mwingine akaunga mkono kwamba aketi, naye akakataa mara ya tatu, kwa shukrani ndefu zaidi, akiitaja kamati, jimbo la Texas na Mungu. Gelasius mwenyewe hakuweza kuketi huku mama mtu mzima amesimama, nyumbani kwao Bukoba wangemcheka. Ikawa watu wawili wima mbele ya viti viwili vitupu, na pembeni kigoda kitupu. Saa nyekundu ilikuwa imebakiza sekunde hamsini.

Akasema haraka alichoweza. Viti mia tatu na kumi kwa siku. Miguu. Maonyo mawili. Kipaza sauti kikanasa mlio wa kifungo cha blauzi yake na maneno machache. Kisha kengele ikalia.

Wakili wa chama cha wenye maghala akaomba kumuuliza shahidi maswali matatu, na kwa utaratibu wa siku ile maswali hayakuwa na kikomo cha muda.

"Ni kweli kwamba leo umesimama tangu saa tatu asubuhi?"

"Ndiyo, chef," akajibu, kama kwao wanavyomwita mkubwa.

"Na hapa umepewa kiti mara tatu?"

"Ndiyo. Merci sana."

"Ukakikataa kwa sababu gani?"

"Kwa heshima," Marguerite akasema, na Gelasius, ambaye hakutaka kumbadilishia mtu maneno yake, akalitafsiri neno hilo hilo.

Wakili akaigeukia kamati. Hakuwa na la kuongeza, alisema, kisha akaongeza dakika kumi na nne. Hapa amesimama mfanyakazi wa kweli wa ghala. Amesimama saa nane, amebembelezwa na kamati nzima aketi, naye amechagua kusimama, kwa heshima. Waheshimiwa wako tayari kupitisha sheria ya kumnyang'anya mama huyu heshima yake?

Mzee wa kofia pana akafuta macho. Alisema hajawahi kuona kitu kama hicho, na kwamba bibi yake naye alikuwa mtu wa kusimama. Pakatolewa pendekezo la marekebisho. Neno "apewe" likafutwa pale pale, likaandikwa "asilazimishwe", na mswada wa viti ukawa mswada wa kulinda haki ya mfanyakazi kubaki wima. Kwa mara ya kwanza siku ile wajumbe wote tisa wakakubaliana. Kisha ukumbi wote ukainuka kumpigia makofi Marguerite, viti mia na ishirini vikawa vitupu kwa dakika nzima, na hakuna aliyemwambia aketi.

Yeye alidhani ameshinda. Alipiga makofi pia. Gelasius ndiye aliyemweleza kwenye maegesho ya magari, huku akitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo sasa sheria inasema nini?" Marguerite akauliza.

"Inasema hawawezi kukulazimisha kukaa, mama."

"Nani alikuwa ananilazimisha?"

Gelasius akawafungulia mlango wa gari, na sioni kwa nini tumlaumu. Kigoda nacho hakikurudi. Karani alisema kielelezo ni sehemu ya kumbukumbu za bunge, akampa Zoé stakabadhi.

Njiani kurudi Arlington wakapita Huntsville. Hapo jibu ambalo angempa yule wakili likamjia Marguerite, zima, kama mtu aliyekumbuka alipoweka ufunguo.

"Bale bazee, mi nilibasimamia juu ya heshima," akasema. "Ile maboksi ya kazini, mi naisimamia juu ya nini? Iko bakubwa yangu?"

"Mama, you should've said that," Zoé akasema.

"Kengele ilikuwa imekwisha kulia." Akageukia dirishani. Alikuwa na hasira, hasira ya kweli, na zaidi ya yote alijikasirikia yeye mwenyewe na adabu zake.

Wiki iliyofuata alikuta kazini picha yake iliyotolewa kwenye video ya kikao. Ilibandikwa ukutani juu ya meza yake ya kupakia, kubwa kuliko mlango: Marguerite amesimama mbele ya kamati, mikono imekunjwa, na chini yake maandishi manene yakisema kwamba hapa tunasimama kwa heshima. Zilikuwepo nyingine mbili karibu na choo. Meneja mkuu, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kumsalimia, alipita akampa mkono, wala hakuuliza habari ya miguu.

Alipakia viti tisini na viwili asubuhi ile. Kilipofika cha tisini na tatu, akavuta boksi lake, akaliweka chini ya picha katikati kabisa, akaketi.

Lenny alifika mbiombio. "Mum, please. Simama hata two minutes. Camera iko hapo juu yako."

"Naiona."

"Si ulisema mwenyewe kule Houston? Watu wote wame-watch hiyo video."

"Nilisema kwa bakubwa, Lenny. Hii ni boksi."

Lenny akatazama picha, akamtazama Marguerite, akatazama kamera. Mkanda wa mashine ulikuwa unaendelea kuleta viti, na viti vilikuwa vinarundikana. Simu yake ikalia, akasikiliza, akasema yes sir mara nne.

"Twende ofisi basi," akasema kwa unyonge. "Form imeshatumwa. Pole, mum. Hii si mimi."

Walikwenda polepole, kwa mwendo wa miguu ile. Ofisini Lenny akachapisha karatasi ya onyo la tatu, akaiweka mezani. Halafu, kwa mazoea ya malezi yake, akainuka na kumsogezea kiti chake. "Keti, mum. Hii ni ndefu kidogo kusoma."

Marguerite akakitazama. Kilikuwa cha magurudumu, chenye mto wa mgongo. Chini ya kiwiko palikuwa na kibandiko kidogo cha mpakiaji, namba 417, na namba hiyo ilikuwa yake. Katika miaka mitatu alikuwa amepakia maelfu ya viti hivyo na hakujua hata kimoja kinakaliwaje.

Akaketi. Kikashuka kidogo chini yake, kikapumua, kikatulia. Akaegemea. Akaweka kiwiko kimoja, kisha cha pili.

Lenny akainama kumwonyesha pa kutia sahihi, maana sasa yeye ndiye hakuwa na pa kukaa. Marguerite akasoma mstari kwa mstari ule Kiingereza ambao kwa kawaida asingejisumbua nao, akatia sahihi, akamrudishia kalamu.

"Basi, mum. Umemaliza. Uko free kwenda."

"Ngoja kwanza."

Lenny akangoja. Alikuwa na ripoti ya kuandika, na kompyuta ilikuwa mbele ya Marguerite. Akahamisha uzito kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia. Nje wakamwita kwa redio mara mbili. Ilikuwa saa nne na robo, na zamu ingekwisha saa tisa alasiri.

"Mum," akasema tena, "unatoka saa ngapi?"

Marguerite alikuwa ameshavua viatu.