Mtihani wa Profesa

Asubuhi ya Jumatatu ilimkuta kijana mmoja amesimama nyuma ya ng'ombe, mkono wa kushoto umezama hadi begani, shavu limelala juu ya kiuno cha mnyama kama mtu anayesikiliza siri za jirani ukutani. Macho ameyafumba. Jasho linamtiririka puani na hana mkono wa kulifuta, maana wa pili umeshika mkia. Ng'ombe mwenyewe alikuwa anacheua, hana habari.

"Umefika wapi?" aliuliza mwenzake mmoja.

"Sijui."

"Ukigusa meno, ujue umepitiliza."

Wanafunzi waliozunguka zizi wakaangua kicheko. Kijana akauchomoa mkono polepole, glavu ndefu ya plastiki imejaa samadi hadi kwapani, naye akacheka. Mtu anayechekwa kila siku hujifunza kuwahi nafasi yake kwenye kicheko kabla hakijamfikia.

Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, na chuo kizima kilimwita Kibofu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Muhula uliotangulia, kwenye mtihani wa kupima mimba kwa mkono, alikamata kitu cha duara, laini, kilichojaa maji, akatangaza kwa sauti ya mshindi kwamba ng'ombe yule ana mimba ya miezi minne. Sentensi haijakauka mdomoni, ng'ombe akainua mkia akakojoa. Wapo wanaokula yamini kwamba alikojoa hadi mhadhiri akaagiza chai, ikaletwa, ikapoa. Mimba yote ikaishia mferejini. Sasa mtihani ulikuwa unarudi Ijumaa, na kanuni za chuo hazikuwa na huruma wala mlango wa nyuma: anayeanguka somo hilo mara ya pili hufungasha virago.

Aliyemtania kuhusu meno aliitwa Kapteni, kwa kuwa alikuwa nahodha wa timu ya mpira na, kwa maoni yake mwenyewe, wa kila kitu kingine. Kapteni ndiye aliyeongoza darasa kwenye somo la kuhasi. Fahali mdogo mwekundu aliyehasiwa naye kwa koleo la kubana mishipa, bila kukata, alikuwa akizurura zizi moja na majike, na kila Kapteni alipopita alimpungia mkono, kama fundi anayesalimia nyumba aliyoijenga.

Ajabu ya Kibofu ni kwamba alikuwa mtoto wa muuza nyama. Alikulia kwenye bucha la baba yake, akiona matumbo kabla hajajua kusoma. Mweke mezani mfuko wa uzazi wa ng'ombe, atakuonyesha pembe zake mbili, shingo yake na kila mshipa unaoulisha. Lakini hayo yote aliyajua kwa macho, na kwa mnyama aliyekwisha kufa. Ndani ya ng'ombe aliye hai, mahali penye giza na joto, vidole vyake vilikuwa wageni wa mji, wanazunguka bila kujua hata pa kuuliza njia.

Jumanne, kwenye kantini ya chuo, Kapteni alimhurumia, au alichoka kumcheka.

"Sikiliza, Kibofu. Wewe unajisumbua kutafuta mimba. Wenzako wanakariri ng'ombe."

"Kukariri vipi?"

"Sanamu hana ng'ombe wapya. Ni walewale kila muhula. Mwenye pembe moja ana mimba kubwa, hata kipofu anaiona. Mwenye baka jeupe ana mimba changa. Na Profesa ni mtupu. Profesa amekuwa mtupu tangu wazazi wetu hawajakutana."

Sanamu ndilo jina walilompa mhadhiri wao, mwanamke mfupi wa maneno machache ambaye uso wake haukuwahi kumwambia mtu lolote, la heri wala la shari. Profesa alikuwa ng'ombe mkubwa mweusi, aliyekaa chuoni kuliko mhadhiri yeyote. Inasemekana alikuwa amepitiwa na mikono mingi kuliko kitasa cha benki, na kwamba mwanafunzi akikosea mahali pa kushika, yeye mwenyewe husogea kidogo kumrekebisha. Hakuzaa. Alilishwa, alishikwa, alitangazwa "mtupu", alirudishwa zizini.

"Na ukimpata Profesa," Kapteni akamalizia, "ingiza mkono, hesabu kumi, kunja uso kama mtaalamu, sema mtupu, toka. Ninakuombea umpate."

Kibofu alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Hata chai ya kantini ilikuwa na ladha.

Jumatano jioni alikula kwao. Mama yake alimwekea kiti karibu na dirisha.

"Huo mkono wa kushoto uninginize nje," alisema. "Umesoma sana huo, harufu ya elimu inanishinda."

Baba hakucheka, alikuwa na habari. Hoteli ya kule mlimani ilikuwa imeagiza ng'ombe mzima kwa ajili ya Jumamosi, naye alikuwa ameshampata.

"Kwenye chuo chenu hukohuko. Jike jeusi, nene. Wanamtoa, wanasema tasa. Unamjua?"

"Ndiye Profesa," alisema Kibofu.

"Basi nyama yake itakuwa na akili," mama akasema. "Tujibakizie na sisi kipande."

Baba alikata tonge, akalishika bila kulipeleka mdomoni. "Hana kitu tumboni, sivyo?"

Swali hilo Kibofu alilijua. Baba yake alimuuliza kila mtu aliyemuuzia jike, na alianza kuliuliza miaka mingi nyuma, baada ya ng'ombe mmoja aliyenunuliwa kwa sifa hiyohiyo ya utasa. Kibofu alikuwa bado mtoto wa kaptula. Alimwona baba anapasua, anasimama, anavua aproni yake na kufunika kitu kidogo chenye kwato sakafuni. Nyama iliuzwa, kwa sababu nyama haingoji. Lakini jioni hiyo baba hakula, na lile jambo halikuzungumzwa tena ndani ya nyumba, isipokuwa kwa njia ya swali hilo.

"Hana, baba," alijibu. "Kila mtu anajua."

Baba akala.

Alhamisi Kibofu alikwenda buchani na ombi ambalo lilimfanya baba yake aache kunoa kisu. Alitaka vitu vya ndani, lakini vitiwe kwenye gunia, mdomo ufungwe, ubaki upenyo wa mkono tu.

"Unataka kuona nini humo?"

"Sitaki kuona. Nataka nisione."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho kayafumba, mkono guniani, huku wateja wakipanga mstari. Mama mmoja aliyekuja kununua mifupa ya supu alimtazama muda mrefu.

"Baba, mwanao anatafuta nini humo?"

"Shahada yake," alisema baba, na bucha zima likavunjika mbavu.

Kibofu hakuwasikia vizuri. Baba alikuwa ametia guniani kibofu kimoja na mfuko mmoja wa uzazi, na kwa mara ya kwanza vidole vilianza kuona tofauti. Kibofu cha mkojo kilikuwa puto: ukikibana, ukuta wake ni mmoja, hauna cha kukuambia. Mfuko ule, hata ukiwa mtupu, ulikuwa na mkunjo, pembe mbili zilizojikunyata kama masikio ya mbuzi. Alivishika, akaviachia, akavitafuta tena. Jioni vidole vilikuwa vimejikunja kwa uchovu, na alikuwa bado hajui kama vimejifunza au vimezoea tu.

Ijumaa ikafika. Sanamu alisimama kando ya kile kichochoro cha mabomba ambamo ng'ombe hubanwa wasigeuke, karatasi mkononi, uso umefungwa kama duka siku ya msiba. Ng'ombe wanne wa kwanza walikwenda kwa wengine. Kapteni alimpata mwenye pembe moja, akatoka akitabasamu. Kisha Profesa akaingia kwa hatua za mwenye nyumba, na Sanamu akasema, "Wewe."

Nyuma yake Kibofu alisikia Kapteni akinong'ona, "Kumi tu, ndugu yangu."

Akavaa glavu, akajipaka mafuta, akaingiza mkono. Alihesabu moja, mbili. Alikunja uso kama mtaalamu. Alipofika tatu, vidole vikakuta kitu cha duara, laini, kilichojaa maji.

Damu ikamshuka hadi kwenye viatu vya mpira. Kibofu, akajiambia. Ni kibofu tena, na safari hii hunidanganyi. Neno "mtupu" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi; lilikuwa neno zuri, lenye mtihani ndani yake, na oda ya hoteli, na amani ya kutoitwa kwa jina lile maisha yake yote. Alichotakiwa ni kufungua mdomo. Lakini vidole, hivyo vilivyoshinda jana guniani, havikutoka. Vilibana kidogo, na kati ya kidole gumba na cha shahada kitu chembamba kikateleza, utando ndani ya ukuta, kama uzi unaokwepa sindano. Kibofu cha mkojo hakina utando wa pili. Akasukuma taratibu. Kitu kikaenda ndani ya maji, kikakawia, kikarudi, kikamgonga ncha za vidole.

Alisimama hapo, shavu juu ya mgongo mweusi. Kila mtu alijua kwamba Profesa ni mtupu. Yeye mwenyewe alikuwa amemwambia baba yake hivyo mezani. Na kesho, baada ya watu wote kujua, ni baba yake tu, kisu mkononi, ambaye angeona.

"Muda wako umekwisha," alisema Sanamu.

"Ana mimba, Mwalimu."

Mtu alikohoa kwa nguvu, kikohozi kilichobeba kicheko mgongoni. Mwingine akasema chinichini, "Leteni ndoo." Sanamu hakugeuka.

"Ya muda gani?"

"Miezi mitatu na kitu."

"Una hakika?"

"Mkono una hakika, Mwalimu. Mimi naogopa."

Sanamu akaweka karatasi juu ya bomba, akavaa glavu. Kwa ufupi wake ilimbidi asimame juu ya tofali. Mkono ukaingia, ukakaa. Wanafunzi walimwangalia usoni, wakaambulia walichozoea kuambulia. Nzi alitua kwenye shavu lake, akatembea, akaondoka bila kujua kama alitua kwa mtu. Profesa aliendelea kucheua. Hatimaye Sanamu akautoa mkono, akavua glavu, akaandika kitu kifupi. Matokeo, kama kawaida yake, yangebandikwa Jumatatu.

Kisha akainua macho, akatazama ng'ambo ya uzio, ambako fahali mdogo mwekundu alikuwa amesimama akinusa upepo.

"Yule nani alimhasi?"

"Mimi, Mwalimu!" Kapteni alijibu, kifua mbele.

"Mh," alisema Sanamu. Akachukua kalamu tena, akaandika kitu kingine, kirefu kuliko cha kwanza. "Anayefuata."

Jumamosi asubuhi Kibofu alikuwa buchani, anasugua meza ambayo ilikuwa safi. Lori dogo la kukodi liliingia uani likipiga kelele za bodi lisilo na mzigo. Baba akashuka, akafunga mlango wa lori kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa ameshapiga simu hotelini, na alichojibiwa kilikuwa bado kimemganda usoni.

"Wamekataa kunipa," alisema. "Wanasema haondoki tena. Eti kuna mwanafunzi kasema maneno jana."

"Ni mimi, baba."

Baba alimtazama. Alitundika kofia kwenye kulabu ambayo ilipaswa kuwa na paja la ng'ombe, akavaa aproni kwa mazoea, akagundua hana cha kukata, asiivue.

"Uliniambia hana kitu."

"Nilikuwa sijamshika."

Nje dereva aliwasha lori, akaondoka. Baba akachukua kisu, akakitazama makali, akakirudisha mahali pake.

"Wa miezi mingapi?"

"Mitatu na kitu."

Baba akafuta viganja kwenye aproni, ingawa vilikuwa vikavu. Kisha akavinyanyua mbele yake, kimoja kikitazamana na kingine, akaacha nafasi katikati, kama mtu anayepima kitu alichokifunika zamani kwa aproni na hakukisahau. Kibofu aliangalia ile nafasi. Akanyoosha mkono wa kushoto, akakishika kiganja kimoja cha baba yake, akakisogeza ndani kidogo, kiasi cha upana wa kidole.

Wakabaki hivyo. Mlangoni mama wa mifupa ya supu aliuliza kama leo kuna nyama, akauliza tena.