Mtori wa Saa Kumi na Moja

Zita, mtoto wa miaka sita, alikuwa na mawe manne ya kupumzikia kati ya nyumbani kwao Kirua Vunjo na shuleni. Mwaka uliotangulia yalikuwa mawili. Kila jiwe alilipa jina, na bibi yake, Monica, aliyemsindikiza kila asubuhi, alilazimika kuliaga kila jiwe kabla ya kuinuka, maana Zita alikuwa na adabu kwa watu na kwa vitu. Daktari wa moyo mjini Moshi alipouliza hali inaendeleaje, Bi. Monica hakusema lolote kuhusu pumzi wala kikohozi. Alisema, "Mawe yameongezeka." Daktari huyo, Odilia, ambaye alizaliwa Old Moshi na alizijua njia za mlimani, aliandika maneno hayo hayo kwenye faili.

Moyo wa Zita ulikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Kuliziba kulihitaji mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu, ambayo hospitali ilikuwa nayo, na mkono uliozoea, ambao ulisafiri kutoka mbali. Kila baada ya miezi minane kikosi cha madaktari na manesi kilikuja kutoka Kerala, kusini mwa India, kikafanya upasuaji wa watoto pamoja na wenyeji kwa juma moja, kisha kikaondoka. Kiliongozwa na Profesa Latha, mwanamke mfupi mwenye mvi, aliyejifunza neno moja tu la Kiswahili na kulitumia bila ubaguzi. Alimwambia "shikamoo" mkurugenzi, akamwambia mpishi, na siku ya kwanza alimwambia Zita.

"Marahaba," alijibu Zita bila kusita, na tangu siku hiyo alimwita Profesa "yule mtoto wangu mwenye mvi."

Zita alipangiwa Jumanne. Jumatatu akashikwa na mafua. Walimhamishia Ijumaa saa mbili asubuhi, siku ya mwisho, naye angekuwa mgonjwa pekee wa siku hiyo, kwa sababu saa tisa alasiri wageni walipaswa kuanza safari ya uwanja wa ndege. Baada ya hapo ingekuwa miezi minane mingine. Dakta Odilia alipojaribu kuhesabu mawe yatakayoongezeka kwa miezi minane, hakulipenda jibu.

Alhamisi jioni, walipokuwa wakinawa mikono baada ya mgonjwa wa mwisho, Profesa alimwambia Odilia, "Kesho simama upande wangu wa meza."

Daktari mpasuaji anayeongoza husimama kulia kwa mgonjwa, na msaidizi kushoto. Kwa safari tatu za kikosi hicho Odilia alikuwa amesimama kushoto.

"Safari ijayo, Profesa."

"Ulisema hivyo safari iliyopita."

"Na nilimaanisha," alisema Odilia, wote wawili wakacheka, na jambo likaishia hapo.

Asubuhi ya Ijumaa, saa moja na nusu, Nesi Thadeus alifika kitandani kwa Zita na karatasi yake ya maswali.

"Zita, umekula kitu tangu jana usiku?"

"Sijala. Bibi kasema sijala."

Thadeus alisimamisha kalamu. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nimekunywa mtori. Vikombe viwili. Cha pili hakikujaa."

Thadeus aligeuka polepole. Bi. Monica alikuwa ameketi wima kwenye kiti chake, chupa ya chai ikiwa mapajani, na uso wake haukuwa na dalili yoyote ya hatia.

"Bibi, jana nilikwambia asile, asinywe, hata maji."

"Na maji hajanywa. Aliomba, nikamkatalia. Muulize."

"Lakini mtori umempa."

"Mtori si chakula, baba. Leo mnamtoa mtoto damu. Umeona wapi mtu atokwe na damu bila kuwekewa mtori? Nimezaa watoto saba mimi, na kila mara ulikuwa unanisubiri jikoni. Ningesubiri mpaka aishiwe nguvu ndipo nimpe? Nimemtangulizia."

Thadeus alikuwa mtu wa Masama, mlimani huko huko. Mwezi huo huo mke wake alijifungua, na mama yake alikuwa akimpelekea mtori, supu nzito ya ndizi na nyama ya kurudisha nguvu, asubuhi na jioni, sufuria nzima nzima, kana kwamba amejifungua jeshi. Alifahamu kwamba hoja hii hangeishinda. Alikwenda kumwita Dakta Gerson, mtaalamu wa usingizi, mwenyeji wa Kigoma.

"Ulimpa saa ngapi, bibi?" aliuliza Gerson.

"Saa kumi na moja alfajiri. Niliupika jana kule jikoni kwa ndugu wa wagonjwa, chupa ikautunza vizuri."

"Ulikuwa na nyama?"

Bi. Monica alimtazama kwa huruma. "Mtori bila nyama ni uji wa ndizi. Ulikuwa na ng'ombe wa mfupa. Na siagi kidogo."

Gerson alifunga faili, akachuchumaa ili macho yao yalingane. Alimweleza kwamba mtoto akipewa dawa ya usingizi tumbo likiwa na kitu, kitu hicho kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hapo tundu la moyo si tatizo tena. Kwa mtori wenye nyama na siagi ulihitajika muda wa saa nane. Kutoka saa kumi na moja alfajiri, hiyo ilikuwa saa saba mchana. Upasuaji wenyewe ungechukua saa tatu na zaidi. Wageni waliondoka saa tisa.

Bi. Monica aliifuata hesabu hiyo hatua kwa hatua, midomo ikitembea.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Hakuna aliyesema hivyo, bibi."

"Ndiyo maana nimesema mwenyewe."

Aliiweka chupa chini ya kitanda, akajifunga kanga upya, akatoka.

Mlinzi wa geti, Valerian, alimkuta akiinamia ua wa masale uliopandwa kando ya ukuta, akichambua majani kama anayechagua kitambaa dukani.

"Bibi! Hairuhusiwi kuchuma maua ya hospitali."

"Haya ni maua?"

Valerian alitazama mkono wa bibi, akatazama jani refu la kijani alilolishika, akatazama uso wake. Alijikohoza.

"Hilo ncha imekauka," alisema. "Kuna zuri zaidi hapo nyuma. Mimi naangalia magari."

Akageuka, akaangalia magari kwa bidii, ingawa barabara ilikuwa tupu.

Katika ofisi ndogo iliyo karibu na chumba cha upasuaji, Odilia, Gerson na Profesa Latha walikuwa wakiipitia hesabu ile ile kwa mara ya tatu. Bi. Monica alibisha hodi, akaingia, akasimama mbele ya Odilia na jani zima la isale juu ya viganja vyake viwili.

"Dakta, nimekosa. Nimemkosea mtoto na nimekukosea wewe. Huyu mgeni sijui desturi za kwao, lakini wewe ni mtoto wa huku."

Odilia alirudisha mikono nyuma haraka.

"Bibi, usinifanyie hivyo."

"Nimeshafanya."

Gerson aliwatazama kwa zamu. "Si jani tu?"

"Baba yangu na mdogo wake hawakusalimiana miaka kumi na mmoja kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la urithi," alisema Odilia, bado mikono ikiwa nyuma. "Siku moja baba mdogo akaja nyumbani na jani kama hili. Baba alikuwa bado na hasira. Akalipokea na hasira zake, na jioni ile wakanywa pombe ya mbege kwenye kata moja. Isale halikataliwi, Gerson."

"Basi lipokee umsamehe. Kusamehe hakuhitaji chumba cha upasuaji."

"Hiyo ndiyo shida. Kwetu, ukilipokea umekubali jambo lirudi mahali lilipokuwa kabla ya kosa. Na kabla ya kosa Zita alikuwa anafanyiwa upasuaji leo."

Profesa Latha, ambaye alikuwa akitazama jani kwa macho ya mtu anayesoma picha ya eksirei, aliomba kutafsiriwa. Odilia alimtafsiria yote, pamoja na baba mdogo na mbege. Profesa aliuliza kwanza kuhusu mtori. Alipoelezwa alitikisa kichwa kwa kuafiki: kwao pia mtoto mchanga huanza kwa ndizi, zilizokaushwa na kusagwa, na mama yake mwenyewe angefanya kosa hili hili, isipokuwa nyama, ambayo mama yake hakuila. Kisha akasema:

"Kabla ya kosa, mtoto alikuwa afanyiwe leo, na mimi nilikuwa niondoke saa tisa. Vyote viwili bado vinawezekana."

"Kuanzia saa saba hadi saa tisa hakutoshi, Profesa."

"Hakutoshi kwangu. Wewe una ndege ya kuwahi?"

Odilia alilitazama jani viganjani mwa bibi.

"Tundu la namna hii umelifunga pamoja nami mara kumi na moja," aliendelea Profesa. "Mara nne za mwisho mimi nilikata nyuzi tu na kusimulia habari za wajukuu wangu. Anayeendesha mashine ni wenu. Usingizi ni wa Gerson. Manesi wangu tangu Jumatano hawana kazi kwenye chumba cha uangalizi, wanakunywa chai yenu ya tangawizi. Ingekuwa mtoto mwingine mwenye tatizo gumu zaidi la moyo nisingesema. Huyu ni wako."

"Utakuwepo mwanzoni?"

"Nitaketi kwenye kiti pembeni, bila glavu. Saa tisa nitaondoka bila kuaga, ili usigeuke."

Odilia alimgeukia Bi. Monica, akarudi kwenye Kiswahili, na sauti yake ikawa ya kikazi. "Bibi, sikiliza vizuri. Tukifanya leo, nitaongoza mimi. Nimefanya mara nyingi nikiwa pamoja na Profesa, lakini sijawahi kuongoza. Una haki ya kukataa, mkasubiri safari yao nyingine. Mpigie na mama yake Zita, mzungumze kwanza."

"Nimeshampigia nikiwa getini. Amesema niombe msamaha, na uamuzi ameniachia mimi."

"Kwa hiyo unakubali?"

"Dakta," alisema Bi. Monica, "jani nimekuletea wewe. Ningemtaka yeye ningempelekea yeye."

Odilia alitoa mikono nyuma, akalipokea kwa yote miwili.

Kuanzia saa hiyo hakukuwa na mlinzi mkali katika wodi ile kama Bi. Monica. Shangazi wa kitanda cha jirani aliyethubutu kumnyooshea Zita kipande cha ndizi mbivu alirudishwa nacho. Saa tano na nusu Zita alisema ana kiu.

"Hata maji!" alifoka bibi, kwa sauti ambayo Thadeus aliitambua kuwa ni yake mwenyewe ya jana, akaenda kucheka koridoni.

Saa saba na dakika tano walimsukuma Zita kwenye kitanda cha magurudumu. Mlangoni alikuwepo Profesa Latha, kofia ya upasuaji ikiwa imeficha mvi zote.

"Shikamoo," alisema Profesa.

"Marahaba, mwanangu," alisema Zita, na mlango ukafungwa.

Bi. Monica alikaa kwenye benchi. Alisali rozari nzima, kisha akagundua kwamba hakumbuki hata moja ya zile Salamu Maria, akaanza upya. Saa tisa kamili mlango ulifunguliwa, Profesa akatoka peke yake, begi begani. Bi. Monica alisimama ghafla hata rozari ikaanguka.

"Mama, vipi? Anaendeleaje?"

Hawakuwa na lugha moja. Profesa aliokota rozari, akamrudishia. Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele ya bibi, akaigeuza juu na chini, mikavu, isiyo na hata alama ya glavu. Na kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake akaitia mifukoni. Alitabasamu, akaenda zake. Nje gari lilipiga honi mara moja.

Mikono ile mikavu ilimtia bibi hofu kwanza. Ilimchukua muda kuelewa kwamba mtu anayeacha jambo limeharibika hatembei vile. Hata hivyo hakuweza kuketi tena. Alikwenda kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, akatoa ndizi mshare zilizobaki kwenye kikapu, akaanza kuzimenya. Alikuwa akimpikia nani, hakujua. Alijua tu kwamba damu ilikuwa imemtoka mtu, na kwamba mikono yake ilihitaji kisu na ndizi.

Saa kumi na dakika arobaini Odilia alitoka. Barakoa ilikuwa imemchora mstari mwekundu kutoka shavu moja hadi lingine, na alimkuta bibi ameketi na chupa ya chai mapajani, kama asubuhi.

"Tundu limefungwa," alisema. "Tulipouachia moyo, ulianza kudunda wenyewe, hata hatukuusaidia. Atalala mpaka kesho. Bado tunamwangalia kwa karibu siku mbili tatu, lakini limefungwa vizuri, bibi. Nimelikagua mara mbili."

Bi. Monica hakusema asante, maana lilikuwa neno dogo. Alimshika mkono, akaugeuza juu na chini, akauangalia. Mkono wa Odilia ulikuwa na mikunjo ya jasho na alama za glavu mpaka kwenye kifundo.

"Umekula?" aliuliza.

"Tangu asubuhi? Muda umepatikana wapi?"

Bibi alifungua chupa, akamimina kwenye mfuniko, na mvuke wenye harufu ya ndizi na mfupa ukajaa korido nzima. Odilia aliketi kwenye benchi, akanywa. Akanyoosha mfuniko, akaongezewa. Dakta Gerson alitoka kwenye chumba cha uangalizi na faili mkononi, akasimama akiwatazama.

"Sasa hicho ni nini, ni chakula au si chakula?"

"Andika, Gerson," alisema Odilia, akifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Daktari hajala kitu tangu asubuhi."