Yupo, Hata Bungeni

Kwa maneno ya mzee Cayetano, muuza magazeti wa pale kona, Bi Berta alipanda juu ya kiti cha bunge la jiji, akavua kiatu, na spika akajificha chini ya meza. Lakini Cayetano ukimpa kifaranga asubuhi, jioni anakurudishia mbuni. Kiatu hakikuvuliwa. Na baridi ile ya Julai ya Buenos Aires, nani avue kiatu?

Lililotokea ni hili. Kila Julai, siku ambayo bomu lililipua jengo la jumuiya ya Wayahudi, watu wa kitongoji cha Once hukusanyika mtaani na picha za wafu wao. Jina likisomwa, umati mzima huitikia: "Yupo!" Bi Berta, muuza vitambaa, ameitikia hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kwa ajili ya kaka yake Natalio, aliyekwenda pale asubuhi ile kutafuta kazi. Mwaka huu bunge lilikuwa lipitishe azimio la kulaani shambulio hilo, na familia zikaalikwa kuketi roshani. Bi Berta alitaka kitu kimoja tu: jina la Natalio litamkwe ndani ya nyumba ile.

"Majina hayasomwi, bibi," karani alimwambia mlangoni. "Yamo kwenye kiambatisho."

"Kiambatisho! Mwanangu, Natalio alikuwa hatoshi kwenye kitanda chake, ndiyo atatosha humo?"

"Shangazi, watatutoa," Mirta, mpwa wake, alimvuta mkono.

"Watutoe na keki yangu ya asali kapuni? Hawana ubavu huo."

Wakaketi. Azimio likasomwa: ukatili, wahanga, isitokee tena kamwe. Mirta alinong'ona kwamba maneno ni mazuri.

"Mazuri," Bi Berta akasema. "Kitambaa cha kuonyeshwa dirishani mwa duka. Hakijakatwa kwa mwili wa mtu."

Ikaja kura. Wabunge wakaitwa mmoja mmoja kwa majina, kila mmoja akajibu ndiyo. Bi Berta alikuwa akisikiliza majina yale yakipita, ya watu walio hai na afya zao, na la mwisho lilipopita, kabla spika hajagusa kengele, akajikuta amesimama.

"Natalio Feldsztein!"

"Yupo!" roshani nzima ikaitikia. Wabunge nao wakaitikia, maana hakuna kati yao ambaye hajawahi kusimama mtaani kule mwezi wa Julai, na mdomo una mazoea yake. Lakini sauti iliyozidi zote ilitoka kwenye kipaza sauti. Ilikuwa ya spika mwenyewe. Akajiziba mdomo kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Kicheko kikalipuka ukumbini. Kisha mzee mmoja wa roshani akaita jina la mkewe, mwingine la bintiye, na kengele ikabaki imelala mezani mpaka majina yote yakaisha.

Baadaye, nje ya ukumbi, Bi Berta alikata keki, na kipande cha kwanza akampa spika.

"Mzee Cayetano atasema umejificha chini ya meza," Mirta alimtania.

"Afadhali ningejificha," spika akacheka, mdomo umejaa.

"Sikia, mwanangu," Bi Berta akasema. "Leo nimekuanzishia. Mwakani anza mwenyewe, uyasome yote, kwa sauti ileile. Utayasoma?"

Spika akatafuna. Akaendelea kutafuna hata baada ya keki kuwa imekwisha mdomoni. Bi Berta alikata kipande cha pili, akakishika mkononi, akangoja.