Kelele Alizoomba Mheshimiwa

Mbunge Pius Mashimba alifika nyumbani kwa Getruda, mtaa wa Mabatini, Jumapili mchana, bila dereva, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Getruda alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha nguo. Kwa miezi mingi alikuwa akiwafuata wabunge, akiwaeleza kwamba mkataba wa biashara huria ungefuta ushuru wa vitambaa vya nje na kuviua viwanda vya pamba. Wengi walimcheka, wakamwita mjamaa aliyepitwa na wakati. Pius alikuwa mmoja wao.

Sasa alikaa ukingoni mwa kochi, akaomba mlango ufungwe. Alisema wakubwa wa chama chake wanataka bunge liridhie mkataba wiki hiyo hiyo. Yeye ameusoma na umemtisha, lakini akiupinga peke yake, hatapitishwa tena kugombea.

"Jazeni watu barabarani," alisema kwa sauti ya chini. "Nikisimama bungeni niseme wananchi wamenibana."

"Na sisi tukikamatwa, mheshimiwa?"

Pius aliivuta kofia chini zaidi, akainuka.

Alipoondoka, Malimi, mume wa Getruda, alimsihi mkewe aachane na jambo hilo. Mtu anayemwogopa hata dereva wake, alisema, hawezi kumtetea yeyote. Getruda alijua ni kweli. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilimfanya achungulie dirishani. Lakini aliwafikiria wenzake wa ufumaji, ambao hawakuwa na kazi nyingine. Akawaita.

Jumanne walijaa barabara za Nyamagana, wamejifunga vitenge vya kiwanda chao. Getruda aliwahutubia. Wanaume wawili asiowajua walimpiga picha yeye tu, kisha wakaondoka taratibu.

Kesho yake Pius alinguruma bungeni kwamba hatawasaliti wapiga kura wake. Wabunge wengine wakapata ujasiri, wakamuunga mkono. Mkataba ukaahirishwa. Kiwandani watu walikumbatiana.

Jioni ile ile Getruda aliitwa: afike polisi asubuhi, ajieleze kuhusu maandamano yasiyo na kibali. Akampigia Pius. Simu iliita hadi ikakatika. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

"Tutakwenda wote, Mama Hellen," Malimi alimwambia Getruda.

Alichukua mfuko, akatia khanga, dawa za presha za mkewe, na sweta. Getruda aliitazama ile sweta. Mahabusu usiku kuna baridi; akaufunga mfuko mwenyewe.